Hakuna anayeongea hivyo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika skripti yangu ya kwanza, kichekesho cha wasichana wawili wa bweni hapa Morogoro. Ninayeandika naye aliniletea filamu ya Kimarekani inaitwa Juno, ya mwaka 2007, akaniambia ndiyo iliyochukua Oscar ya uandishi na sisi tuandike vile vile. Nimeitazama mara mbili. Kila mtu ana utani, kila jibu limechongwa, hadi muuza duka. Mimi naona hakuna binadamu anayeongea hivyo. Mwenzangu anasema sijui sanaa. Je, maneno ya madoido namna hii kwenye vichekesho vya bajeti ndogo yanastahili sifa zile, au watu walipumbazwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimecheka kusoma barua yako, maana ugomvi wenu huo ndio uliowagawa watazamaji huko Marekani filamu ilipotoka Desemba 2007. Wapo waliotoka ukumbini wakiyarudia maneno ya Juno kama wimbo, na wapo waliotoka wakisaga meno. Sitawapatanisha kwa kuwagawia haki nusu kwa nusu. Mwenzako amekosea kusema muandike vile vile. Wewe hisia yako ina ukweli, ila sababu uliyoitoa ndiyo isiyosimama.

Nianze na kosa lako, maana ni dogo. Unasema hakuna anayeongea hivyo. Sawa. Sasa chukua simu yako, rekodi meza ya chakula bwenini kwa dakika kumi, kisha uandike neno kwa neno ulichosikia. Utapata: "Yule nani, aah, si yule wa juzi, eeh, huyo huyo, basi bwana akaniambia, we acha tu." Hayo ndiyo maongezi ya kweli, na hakuna atakayetoa kiingilio kuja kuyasikiliza. Kila mwandishi wa filamu ni seremala. Hata yule ambaye maneno yake unayaona ya kawaida kabisa, ya mtaani, naye ameyapiga randa, tena pengine kwa jasho zaidi. Amefagia tu maranda kabla wageni hawajaingia.

Na sisi wenye lugha hii tuwe wa mwisho kushangaa maneno yaliyopambwa. Mwanamke aliyechoshwa na jirani yake hasemi umenichosha. Anakwenda dukani, anasoma majina ya kanga mpaka anaipata inayomfaa, kisha anapita nayo mlangoni kwa jirani taratibu, mara mbili. Kenya, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, aliwachekesha watu kwa miongo kadhaa kwenye televisheni akiwa Mzee Ojwang', mzee wa Kijaluo mwenye Kiswahili cha peke yake. Wanjau mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Kiswahili kile kilitengenezwa, na nchi nzima ilikipokea ikakipenda. Hata kwenye vibanda umiza, yule anayesimulia filamu juu ya sauti ya wenyewe hatafsiri, anatunga, na watu hulipa kwa sababu ya utunzi wake kuliko hata picha.

Huko Hollywood nako si jambo la jana. Oscar ya kwanza kabisa ya skripti asilia, yaani isiyotokana na kitabu wala tamthilia, ilikwenda kwa Preston Sturges, kwa filamu yake ya mwaka 1940, na wahusika wa Sturges wanaongea kama cherehani iliyoachiwa. Mwaka huo huo Howard Hawks alitoa kichekesho cha waandishi wa habari, His Girl Friday, ambamo watu wanakatizana na kupandiana maneno kwa kasi ambayo chumba cha habari cha kweli kisingechapisha gazeti hata moja. Hakuna aliyelalamika kwamba si kweli. Waliuliza kama inachekesha.

Kwa hiyo swali la kama watu huongea hivyo liweke pembeni. Mimi nikipewa skripti ya aina hii nauliza jingine: nani humu ndani anaongea hivi, anaficha nini, na ni wapi atanyamaza? Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza nipite kwenye pesa, kwa sababu wanaosifu na wanaoponda mtindo huu wote husahau kwamba chanzo chake kimoja ni ufukara.

Filamu kubwa ikikwama, gari linalipuka. Mwenye bajeti ndogo hana gari la kulipua, na hata la kuazima kwa siku mbili linamtoa jasho. Maneno ni bure. Kevin Smith alikuwa muuza duka huko New Jersey, akaamua kutengeneza filamu ndani ya duka lile lile alilofanyia kazi. Mchana aliuza, usiku alirekodi. Clerks ilitoka mwaka 1994, picha nyeusi na nyeupe, kwa dola 27,575, nyingi zikiwa za kadi za mkopo. Kwa kuwa walirekodi usiku ilhali hadithi ni ya mchana, ilibidi shata za chuma za duka zibaki zimefungwa filamu nzima. Smith akaandika kwamba kuna mtu amebandika chingamu kwenye kufuli. Hapo ndipo ninapomvulia mtu kofia. Hana taa, hana lokesheni ya pili, ana watu wawili nyuma ya kaunta, na saa nzima na nusu ya kujaza.

Akajaza kwa maongezi gani? Vijana hawa wawili wanajadili filamu za vita vya anga walizokulia nazo. Kituo kikubwa cha adui kilicholipuliwa mwishoni kilikuwa bado kinajengwa. Basi mmoja anauliza: mafundi bomba, waezekaji, vibarua waliokuwa wakikijenga, wao wana kosa gani? Mteja aliyekuja dukani anaingilia. Yeye ni fundi wa kuezeka, na anawaeleza jinsi alivyowahi kukataa kazi kwenye nyumba ya jambazi kwa sababu alijua iko siku risasi zitaruka pale. Huo ni upuuzi uliochongwa kwa patasi, na hakuna muuza duka anayepangilia hoja kiasi hicho. Lakini sikiliza chini yake: kijana anayelipwa kwa saa, anayelalamika filamu nzima kwamba leo hakutakiwa kuwepo kazini, anajadili kama kibarua analaumika kwa kazi aliyoikubali. Madoido yale yana mzizi.

Miaka minne kabla yake, Whit Stillman aliuza haki yake ya fleti aliyokuwa akiishi New York kwa dola 50,000 ili aanze kutengeneza Metropolitan. Hapo wahusika ni vijana wa matajiri wa Manhattan, msimu wa dansi za kuwatambulisha mabinti. Wamevaa suti nyeusi na magauni marefu, wamekaa kwenye makochi mpaka alfajiri, wanaongea kama insha. Kuna sini moja, yaani tukio moja la filamu, ninayoitumia darasani kila mwaka. Tom, ambaye ni maskini kuliko wenzake na anaficha, anamshambulia Jane Austen mbele ya Audrey, binti anayempenda Austen. Audrey anamuuliza amesoma kitabu gani cha Austen. Tom anajibu kwamba yeye hasomi riwaya. Anasoma wahakiki. Kwa njia hiyo, anasema, unapata mawazo ya mwandishi na fikra za mhakiki kwa pamoja.

Wanafunzi hucheka hapo, halafu mimi huwauliza: anaogopa nini huyu? Huchukua muda. Kisha mmoja husema, anaogopa kusoma kitu akakipenda bila ruhusa ya mtu. Ndiyo hiyo. Sentensi zile ndefu zilizopigwa pasi ni suti ya kukodi, na yeye suti ya kukodi anayo hata mwilini. Baadaye anamfungua Austen mwenyewe, anasoma, anakiri kwamba anampenda, na akikiri anaongea kwa maneno machache kama mtu aliyevua viatu. Filamu ile iliteuliwa kuwania Oscar ya skripti asilia. Haikushinda, na haikuhitaji.

Sasa turudi kwa Juno wenu.

Aliyeiandika ni Diablo Cody, na ilikuwa skripti yake ya kwanza ya filamu. Kabla ya hapo alikuwa akiandika blogu Minneapolis, na mtayarishaji mmoja alimgundua kupitia blogu hiyo. Kumbuka hilo, maana kalamu ya blogu ya miaka ile ilikuwa na tabia zake: kila sentensi ilitaka kumzuia msomaji asiondoke. Filamu iliongozwa na Jason Reitman, ikagharimu chini ya dola milioni 10 na kuingiza zaidi ya milioni 200 duniani kote, na Februari 2008 Cody akapanda jukwaani kuchukua Oscar. Hadithi ni nyepesi kuieleza: msichana wa miaka 16 wa Minnesota anapata mimba, anaamua kumzaa mtoto na kumpa wanandoa wanaotafuta wa kumlea.

Ulikoona dosari pana dosari kweli. Robo saa ya kwanza ndiyo mbovu kuliko zote. Juno ameingia dukani na dumu la juisi, anapima mimba kwa mara ya tatu siku hiyo, anakitikisa kile kijiti akitumaini jibu litabadilika. Muuza duka anamwambia kwamba hicho si kile kibao cha watoto cha kuchorea, ambacho ukikitikisa mchoro unafutika. Mchoro huu haufutiki. Tamathali yenyewe ni nzuri, tena ina ukatili unaofaa. Tatizo ni mdomo. Muuza duka yule hatumjui, hatutamwona tena, na anaongea kwa ulimi ule ule wa Juno, vionjo vile vile, mapigo yale yale. Pale si muuza duka anayesema, ni mwandishi amejificha nyuma ya kaunta.

Kisha Juno anampigia rafiki yake Leah kwa simu yenye umbo la hambaga, anampa habari. Leah, badala ya kuapisha kwa Mungu, anaapisha kwa blogu. Kwetu ni kama mtu aulize "haki ya blogu?" akitaka kusema "haki ya Mungu?" Watu walilisema neno hilo miezi miwili mitatu, kisha likachacha. Leo hata blogu zenyewe hazisomwi sana, na ukimwonyesha kijana wa miaka 20 sini ile anakutazama kama umemtajia bei za mwaka 1980. Neno la mtindo ni maziwa. Ukilipika leo, linyweke leo.

Kama filamu ingeendelea hivyo mpaka mwisho ningesimama upande wako na tungeipiga mawe pamoja. Haikuendelea. Nadhani hapo ndipo wewe na mwenzako mlipoacha kuangalia, yeye kwa kufurahi na wewe kwa kuudhika.

Tazama jinsi wale wanandoa walivyogawiwa maneno. Mume, Mark, anatunga muziki wa matangazo, zamani alikuwa na bendi, gitaa zake zimefungiwa chumba kimoja cha nyumba. Huyu anaongea kama Juno. Wanataniana, wanabishana juu ya muziki na filamu za kutisha, anamrushia anadaka. Mke, Vanessa, hana utani hata mmoja. Kila anachosema kimenyooka mpaka kinaaibisha: anataka mtoto, ana hofu watabadilishiwa mawazo, rangi ya chumba bado hawajaamua. Mtazamaji, pamoja na Juno, tangu mwanzo anampenda Mark na kumwona Vanessa kama mti mkavu.

Halafu inatokea kwamba mtu mzima anayeongea kama mtoto ni kwa sababu hajataka kukua. Mark anamwambia Juno kwamba anamwacha mkewe. Yule mwenye ulimi mtamu ndiye anayekimbia. Na Vanessa ndiye tuliyemwona akipiga magoti katikati ya duka kubwa, mbele za watu, akizungumza na tumbo la msichana asiye wake, maneno ya kawaida ambayo mama yeyote huyasema. Ukilielewa hilo, utaona kwamba filamu yenyewe inauliza swali lako. Inawahukumu wenye madoido, akiwemo Juno mwenyewe.

Maana Juno naye ana sehemu anakwama. Alipowaeleza baba na mama wa kambo, baba anasema alidhani binti yake ni wa kujua pa kusema basi. Juno anajibu kwamba hata yeye hajui ni msichana wa aina gani. Hakuna utani ndani yake. Elliot Page, anayemwigiza Juno, analisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingiza mkono mfukoni akakuta pesa haipo. Na J.K. Simmons, anayeigiza baba, halijibu upesi, analiacha likae. Ndiyo maana nasema msimsifu mwandishi peke yake. Maneno haya ya kuchongwa yanahitaji mwigizaji anayejua kuyabeba bila kuyaonyesha. Simmons na Allison Janney, anayeigiza mama wa kambo, wana mistari ya madoido kama wengine wote, lakini wakiitoa wao inasikika kama ya watu waliooana miaka mingi na kuzoea kufupishana.

Na kichekesho kikubwa kuliko vyote kwenye filamu nzima kwangu mimi ni hiki. Karibu na mwisho, Juno anamwambia Bleeker, kijana aliyempa mimba, kwamba yeye ndiye mtu poa kuliko wote anaowajua, tena bila hata kujitahidi. Bleeker anafikiri kidogo, kisha anasema kwamba kwa kweli anajitahidi sana. Basi. Hakuna neno la mtaani, hakuna tamathali. Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko siku niliyoiona mara ya kwanza, na mimi nilipasuka nao.

Kuna kitu kimoja zaidi. Juno, baada ya kusikia kwa Mark, anaegesha gari kando ya barabara, analia. Kisha anageuza karatasi ya bili ya gereji, anaandika nyuma yake, anaiacha mlangoni kwa Vanessa. Hatuonyeshwi alichoandika. Tunakuja kukiona mwishoni kabisa, karatasi imetiwa fremu, imetundikwa kwenye chumba cha mtoto. Inasema, kwa Kiswahili chetu: Vanessa, kama wewe bado umo, mimi bado nimo. Msichana aliyeongea saa nzima na nusu bila kupumzika, neno lake la maana kuliko yote amelitoa kwa kalamu, nyuma ya bili, na halina pambo lolote. Bila yale makelele ya mwanzo, karatasi ile isingekuwa na uzito.

Kwa hiyo je, ilistahili Oscar? Ukinibana, nitakwambia ilistahili kuteuliwa bila ubishi, na ushindi sikuukasirikia. Lakini kura yangu ningempa Tamara Jenkins, aliyekuwa akishindana naye mwaka ule kwa The Savages. Ni kaka na dada wa makamo wanaomtafutia baba yao aliyepoteza kumbukumbu makao ya wazee. Kaka ni mhadhiri wa tamthilia, mtu wa nadharia nyingi, na mpenzi wake anasimulia kwamba huwa analia akipikiwa mayai. Inachekesha mno na huwezi kukumbuka mstari hata mmoja wa kumrushia rafiki. Hiyo ndiyo bahati mbaya ya uandishi wa aina ile: wapiga kura nao ni binadamu, wanakumbuka kinachong'aa. Tuzo za uandishi mara nyingi huenda kwa skripti yenye uandishi unaoonekana. Hapo mwenzako analo la kujibu, na wewe una haki ya kununa.

Nisichokisamehe ni kuiga. Miaka michache iliyopita nilipewa skripti ya kampuni moja hapa Dar niinyooshe. Wahusika sita: bosi, karani, mlinzi, mama lishe, dereva wa bodaboda na mchungaji. Wote sita walikuwa wachekeshaji. Mlinzi akifungua geti anatoa tamathali, mama lishe akirudisha chenji anatoa fumbo. Nilifanya ninachofanya siku zote: nikachukua kipande cha karatasi, nikafunika majina upande wa kushoto, nikamwomba mtayarishaji anisomee na kuniambia nani anasema. Alipatia mawili kati ya kumi, na moja kati ya hayo lilikuwa na neno "Bwana Yesu". Siku ya kusoma mezani, mwigizaji aliyepewa mama lishe, mama mmoja mzoefu sana, alifika kwenye mstari wake wenye vituo vitatu na mafumbo mawili, akakata pumzi katikati, akauweka chini. Akasema kwa upole, "Mwalimu, hapa mimi nina sufuria mkononi." Mstari ule niliufuta pale pale, na sikuwahi kupata maelezo bora ya uigizaji kuliko hayo.

Na usidhani kupamba maana yake ni ufundi wa majibu. Mwaka 2004 Jared Hess na mkewe Jerusha waliandika Napoleon Dynamite, wakairekodi Preston, Idaho, kwa takriban dola 400,000. Kijana wao hana akili ya utani kabisa. Anaongea macho yamefumba nusu, kama ameamshwa usingizini, kila kitu kinamkera, anajisifia ujuzi asio nao. Huo nao ni mtindo uliochongwa, tena mkavu kuliko wa Juno, na unaudhi watu wengi. Lakini ni wa mtu mmoja, na umeota katika udongo wa mji mdogo usio na la kufanya. Filamu inapofika kileleni, rafiki yake anagombea uongozi wa shule na hana la kuonyesha jukwaani. Napoleon anapanda. Haongei. Anacheza muziki, peke yake, kwa viungo vyote alivyopewa, na ndipo kwa mara ya kwanza tunamwelewa.

Sasa skripti yenu. Wasichana wawili wa bweni. Sijaisoma, lakini kwa jinsi ulivyoandika barua nahisi kila mmoja wenu anamwandika mmoja wao, na mwenzako anataka wote wawili wawe na ulimi wa Juno. Mkatalie hilo, usimkatalie lote. Mpeni mmoja. Mmoja tu awe na maneno, na yawe ya Morogoro, ya stendi ya Msamvu na foleni ya bafuni, yasiwe ya Minnesota yaliyotafsiriwa. Huyu aape kwa vitu vyake mwenyewe. Wa pili awe mtu wa "eeh", "sawa", "haya". Utashangaa ni yupi watu watamcheka zaidi. Muuza duka, matroni na konda waacheni waongee kama watu wenye kazi ya kufanya.

Kisha kaeni chini wote wawili mjibu, kabla ya kuandika utani mwingine wowote: yule msemaji anaficha nini? Ada haijalipwa? Mama anaumwa nyumbani na hajamwambia mtu? Na siku simu ya kutoka nyumbani itakapopigwa, yuko wapi, amevaa nini, na yule mwenzake asiye na maneno anafanya nini? Andikeni sini hiyo kwanza, ukurasa mmoja na nusu, msizidishe. Ndiyo ninayotaka mnitumie. Za utani zitasubiri.